Fimbo ya Kumpisha Mama Mkwe

Nikiwa nyumbani sikuwahi kuvua samaki hata mmoja. Sisi ni watu wa bara, wa mahindi na kuku, na samaki kwetu aliletwa na mwanamke mwenye karai kichwani siku ya soko, ameshakaangwa, na bado tulimkagua kwa wasiwasi tukihofia miiba. Kwa hivyo nikisema kwamba kiangazi kimoja cha miaka ya tisini nilinunua fimbo ya kuvulia na rili ya wavuvi mabingwa, nikawa nasimama kando ya maziwa ya Minnesota kila Jumamosi tangu asubuhi hadi jioni, msomaji asidhani nilishikwa na mapenzi ya samaki. Nilikuwa namkimbia mama mkwe.

Niseme vizuri, maana mke wangu bado ana masikio. Sikumkimbia kwa ubaya, nilimkimbia kwa heshima. Kwetu magharibi ya Kenya, mwanamume na mama wa mkewe hawakai chumba kimoja, hawali meza moja, hawapeani mkono. Wakikutana njiani, mmoja hupinda kando na kujitia anatafuta kitu majanini. Ni desturi nzuri sana, ila wazee walioitunga walikuwa na ekari kumi. Sisi tulikuwa na nyumba ya kupanga Brooklyn Park, huko huko Minnesota, ghorofa ya pili, vyumba viwili vya kulala, choo kimoja, na jiko ambalo mtu akifungua friji mwenzake hana budi kutoka nje.

Alikuja mwezi wa nne kumsaidia mke wangu, aliyekuwa akisomea uuguzi, na kumlea binti yetu wa miezi minne. Mimi nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Hopkins, zamu ya asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Usiku nililala kwa rafiki yangu mseja, jengo la pili, kwenye kochi fupi kuliko miguu yangu. Siku za kazi mambo yalienda. Nikitoka kazini nampigia mke wangu simu, naye anamwarifu mama yake, mama anaingia chumbani na kufunga mlango. Hapo mimi naingia, nambeba mtoto, nakula, kisha natoka. Tulipishana kama manesi wanaobadilishana zamu. Taabu ilikuwa Jumamosi. Siku nzima mtu aende wapi? Nilishazunguka maduka makubwa mpaka walinzi wakaanza kunisalimia.

Aliyeniokoa ni fundi wa matengenezo pale kazini, mzee wa Kizungu mwenye mashati ya miraba, mtu wa maneno machache mpaka atajiwe samaki anayeitwa besi. Huyo ni samaki wa kijani mwenye mdomo mpana na hasira za bure, na fundi alimzungumzia jinsi wengine wanavyowazungumzia wajukuu. Aliposikia natafuta mahali pa kukaa Jumamosi nzima, hakuniuliza sababu. Aliniambia nikaoge, anipeleke dukani.

Njiani alinipa somo. Rili, yaani kile kigurudumu cha kukunjia uzi, ziko za aina tatu. Ya kwanza imefunikwa na ina kitufe: unabonyeza, unatupa, basi. Ya pili iko wazi na inaning'inia chini ya fimbo, na uzi hutoka wenyewe bila ugomvi. Ya tatu hukaa juu ya fimbo, nayo ndiyo ya wavuvi wa besi wenyewe. Ukitupa chambo, gurudumu lake huzunguka kwa kasi, na likizunguka upesi kuliko chambo kinavyokwenda, uzi hufumuka na kujifunga ndani kwa ndani. Kinachozuia hayo ni dole gumba lako tu, nalo, alisema, halifundishiki kwa siku moja. Mwaka wa kwanza nichukue ile ya pili. Nilitikisa kichwa kukubali, na wakati huo nilikuwa nakubali kweli.

Dukani fimbo zilisimama safu kwa safu, ukipita katikati ni kama uko shamba la miwa. Rili za kitufe zilikuwa chini kabisa, zimefungwa pamoja na vifimbo vifupi vyenye picha za katuni. Zile za pili zilinikumbusha mashine ya kusagia nyama. Kisha nikaona za tatu, ndani ya kabati la kioo lenye taa yake. Nikaomba kushika moja. Ilikuwa nyeusi, ndogo, nzito ipasavyo, ikakaa kiganjani kana kwamba ilikuwa ikinisubiri. Nilipozungusha mpini ililia kwa sauti ya kistaarabu. Msichana wa dukani akaniuliza mpaka sasa nimekuwa nikivua kwa kutumia nini.

Hapo ningeweza kusema ukweli. Badala yake nilimwambia natoka karibu na Ziwa Viktoria. Haikuwa uongo, maana ziwa liko, na nilikuwa nimeliona mara mbili. Lakini msichana alinitazama kwa heshima mpya, akamwita mwenzake aje asikie, na kutoka hapo ningenunuaje rili ya wanaoanza? Fundi alikuwa nyuma yangu akisoma maandishi kwenye pakiti ya vyambo vya plastiki, akisoma kwa bidii sana kwa mtu aliyejua yote yaliyoandikwa.

Msichana akauliza napenda mpini wa rili uwe kulia au kushoto. Nikamwuliza watu wengi huchukua upi. Akasema wengi wanaotumia mkono wa kulia hutupa kwa kulia, halafu wanahamisha fimbo mkono wa kushoto ili wazungushe mpini kwa kulia. Niliona hiyo ni kazi ya kujitafutia, lakini mtu wa ziwani hawezi kushangaa, nikasema ndivyo tufanyavyo hata sisi. Ikabaki fimbo. Kuchagua fimbo nilijua, au nilidhani najua, kwa sababu nimechagua mipini ya majembe tangu utotoni. Nilifumba jicho moja nikaitazama urefu wake kama imenyooka. Nikaigonga sakafuni nisikie inavyolia. Kisha nikaiinua juu kama mtu anayeanza mtaro, nikaishusha kwa nguvu, na kofia sita zikaanguka kutoka kwenye kitundikio. Msichana alinieleza kwa upole kwamba fimbo hupimwa kwa kugusisha ncha yake darini na kuona inapindia wapi. Ya kwanza ilikuwa laini mno, inakubali kila kitu. Ya pili ilikuwa ngumu kama mwenye nyumba wetu. Ya tatu, futi sita na nusu, ilipinda karibu na ncha na ikabaki imara kwenye shina, nami nikaipenda papo hapo. Bei sitaitaja, kwa sababu zilizoelezwa hapo juu kuhusu masikio.

Fimbo yenyewe haikunjiki. Tulirudi nayo Brooklyn Park ncha ikiwa nje ya dirisha, na kabla ya kunishusha fundi alinionyesha kifundo kilicho ubavuni mwa rili. Unakikaza mpaka chambo kiteremke polepole, na kikigusa chini gurudumu lisimame. Akasema pia nijifunzie uwanjani, bila ndoana, kwa kipande cha risasi cha kuupa uzi uzito tu. Kisha akasema neno moja la mwisho kuhusu rili niliyochagua, ambalo ni kwamba ni nzuri sana, akaondoka.

Nikaenda kwenye maegesho ya magari. Kile kifundo nilishakisahau. Nilirudisha fimbo nyuma, nikatupa kwa nguvu zote za ukoo wetu, na kile kipande cha risasi kikaenda hatua tatu kikaanguka. Gurudumu halikujua kwamba safari imekwisha. Liliendelea kuzunguka, uzi ukavimba, ukatoka nje, ukawa kama nywele za mtoto aliyelala bila kusukwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi guu lilikuwa zima, hivyo nikakaa kando ya gari nikifumua uzi saa nzima. Akina mama wa Liberia waliokuwa kwenye roshani yao walicheka bila kujificha. Juu, ghorofa ya pili, pazia letu lilitikisika, na nilijua si mke wangu, kwa sababu yeye alikuwa darasani.

Mama mkwe wangu, yafaa nieleze, ametoka ziwani kweli. Ameuza samaki ufukweni tangu kabla mke wangu hajazaliwa. Anamjua mvuvi kwa kumtazama anavyoshika kasia, na anajua saa aliyokufa samaki kuliko samaki mwenyewe. Kati ya watu wote wa dunia hii ambao ningewaonyesha jinsi ya kutupa ndoana, Mungu alinichagulia huyo.

Basi Jumamosi zikaanza. Tulikwenda na fundi kwenye ziwa hili au lile, maana huko hukosi ziwa, hata nyuma ya duka la rangi lipo. Wiki tatu za kwanza sikuvua chochote isipokuwa majani na ukimya wa fundi. Ya nne, dole gumba lilianza kuelewa. Likawa linagusa uzi kidogo chambo kikiwa hewani na kuubana kinapokaribia maji, na nikamnasa besi wangu wa kwanza, mwenye urefu wa kiatu cha mtoto. Nilikuwa tayari kumtia ndoo. Fundi akanishika mkono. Akanieleza, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia hata mzee akifariki kazini, kwamba besi harudi nyumbani na mtu. Unamshika mdomo wa chini, unamtoa ndoana, unamrudisha majini taratibu, unamwachia. Sheria haikatazi kumla. Ni adabu tu. Nikafikiri, kila kabila lina yake. Mtu aliyelala kwenye kochi miezi miwili kwa sababu ya adabu hawezi kuicheka adabu ya mwenzake. Nikamwachia, na wote waliofuata nikawaachia.

Mnaona wenyewe jambo lilikokuwa linaelekea. Mimi sikuliona.

Kila Jumamosi mama mkwe alichungulia dirishani akaona mkwe wake akitoka asubuhi na fimbo ya bei, na kila Jumamosi jioni akamwona akirudi na fimbo ileile, mikono mitupu, viatu vikavu. Juni yote. Julai ikaingia. Kuniuliza asingeweza, na mimi kumweleza nisingeweza. Mke wangu alimwambia kwamba samaki wanaachiliwa, na mama akamwuliza kama chuoni wanafundishwa pia kuwaamini wanaume.

Nilipopata fununu ya hayo, nilifanya ujinga wa mwisho. Nilikwenda duka la Waasia kule Saint Paul, nikanunua samaki mzima, nikamwacha kwenye mfuko jikoni kama mtu asiyejali. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kuliko nyingi. Mke wangu alinisimulia kwamba mama alimfungua samaki mashavu, akambonyeza jicho, akamgeuza, akasema kwamba huyu alikufa kabla ya Pasaka. Akampika, kwa sababu chakula hakitupwi. Lakini hakula.

Kesho yake mke wangu alishuka, akaingia ndani ya gari nilimokuwa nimeketi, akafunga mlango.

"Mama ameamua," akasema. "Ataenda na mtoto August."

Nikamwuliza aende naye wapi.

"Nyumbani. Anasema mimi niko shule, na wewe hauko."

"Mimi hauko ni nini? Niko hapa parking."

"Anasema mwanaume hawezi kutoka na fimbo kila Saturday na kurudi bila samaki. Anasema kuna mtu unaenda kwake. Na mtoto hawezi kuachwa kwa nyumba ya hivyo."

Nilikasirika mpaka nikapiga usukani. Miezi mitatu nimelala kwenye kochi la mtu, ninakula chakula cha haraka haraka katika nyumba ninayoilipia kodi, yote kwa ajili ya kumheshimu, na heshima hiyo ndiyo ushahidi? Nikamwambia mke wangu amweleze. Akasema ameeleza mpaka amechoka. Nikasema basi nitamweleza mimi. Akaniuliza nitasimama wapi nikimweleza. Akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka, akawa analia, na nikajua kwamba hata yeye amekuwa akiwaza kumwacha mtoto aende. Mitihani ilikuwa mbele yake na usingizi hakuwa nao. Wenzetu kadhaa walikuwa wamepeleka watoto wao kwa bibi. Mmoja wao, dada tuliyesali naye, alikwenda uwanja wa ndege kumpokea mwanawe baada ya miaka mitatu, na mtoto akajificha nyuma ya mtu aliyemleta, akamwita mama yake auntie. Dada huyo alitusimulia huku akicheka. Niliogopa kicheko kile kuliko kitu chochote nilichokutana nacho Amerika.

Wazo la kwenda ziwani wote lilikuwa la mke wangu. Jumamosi iliyofuata mimi nilitangulia na gari la rafiki yangu, wao wakaja nyuma yangu na letu. Mama mkwe alikaa kwenye benchi, hatua kama thelathini kutoka kwangu, amenigeuzia bega jinsi inavyotakiwa, binti yangu akiwa mgongoni mwake ndani ya leso. Mke wangu alisimama katikati yetu, zamu zote mbili zikiwa zake.

Nilikaza kifundo. Nilipima uzito wa chambo. Nilitupa mara ya kwanza, kikaenda mbali na kuanguka karibu na majani kimya kimya, dole gumba likafanya kazi yake, nikasali kwamba bega lile lilikuwa na jicho. Mara ya pili uzi ukakazana. Fimbo ikapinda karibu na ncha na kubaki imara kwenye shina. Alikuwa besi mkubwa kuliko wote niliowahi kuwagusa, akaruka juu ya maji akitikisa kichwa, akazama, akanivuta kulia na kushoto, nami nikazungusha mpini. Nikamfikisha, nikamshika mdomo wa chini, nikamwinua juu, nikageuka wamwone. Mke wangu akapiga makofi. Mama mkwe aligeuza shingo waziwazi.

Ushahidi nilikuwa nao mkononi, unapiga mkia. Na mikono yangu, iliyofunzwa na fundi kiangazi kizima, ikamtoa ndoana, ikamshusha majini taratibu, ikamwachia.

Nilielewa nilichofanya maji yalipotulia. Kutoka kwenye benchi nilisikia mguno mrefu, kama wa mtu anayeona maziwa yakichemka na kumwagika. Sikuthubutu kutazama huko. Nikafikiri, nikimpata mwingine upesi bado nitaokoka, nikairudisha fimbo nyuma na kutupa kwa hofu yangu yote, dole gumba likiwa halipo kabisa. Uzi ulifumuka kuliko ulivyowahi kufumuka. Ulitoka nje ya rili, ukajizungusha kwenye mpini, ukashika kifungo cha shati langu. Nilipiga magoti nikianza kuufumua na nikaona unazidi kukaza.

Kisha nikasikia nyayo kwenye nyasi, nzito, zisizo za mke wangu. Nikaruka kusimama ili nimpishe. Kulia kwangu kulikuwa na kichaka, kushoto jiwe kubwa, na nyuma yangu ziwa. Nikaingia ziwani. Nilisimama humo na viatu vyangu, maji yakinifika juu ya vifundo vya miguu, nikitazama upande wa pili kwa heshima.

Mama mkwe alisimama ukingoni. Alifungua fundo la leso kifuani, akamzungusha mtoto mbele, akanyoosha mikono yote miwili juu ya maji.

"Shika mtoto wako," akasema.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia. Nikamshika mtoto. Yeye akaniondolea uzi kwenye kifungo, akachukua fimbo, akaketi kwenye nyasi, akanipa mgongo. Vidole vyake vilianza kuutafuta mwanzo wa uzi ndani ya lile fujo, bila haraka, bila kuuvuta hata mara moja.

Na mke wangu, ambaye siku zote mama huongea naye lugha yao ya ziwani, siku hiyo aliongeleshwa Kiswahili, tena kwa sauti.

"Mimi nilidhani ana mwanamke," mama akasema. "Sasa mwanamke gani atakubali haya? Umeona vile amerudisha chakula kwa maji? Huyu hana mtu. Hata kudanganya hajui, ananunua samaki wa barafu. Huyu ni mjinga tu." Akavuta kitanzi kimoja kikafunguka. "Na mjinga mimi siogopi. Mjinga anakaa na mtoto wake."

Mke wangu alikuwa amejishika mbavu. Mimi nilikuwa ndani ya ziwa nikitukanwa mbele ya Wazungu wanaotembeza mbwa, na nililia, nililia kweli, kwa furaha isiyo na aibu yoyote, huku binti yangu akinivuta ukosi wa shati na kuutia mdomoni. Nilitamani kumwambia mama asante na sikujua desturi inasemaje juu ya hilo.

Alimaliza uzi wote. Aliukunja kwenye rili kwa mkono, akaijaribu kidogo, akakaza kile kifundo cha ubavuni kana kwamba amekijua siku zote, akailaza fimbo chini. Kisha akainuka, akakung'uta nyasi kwenye leso, akarudi kwenye benchi na kumwacha mtoto mikononi mwangu.